Basi la shule la injini nyuma: lafaa hapa kwetu ama twajitafutia balaa?

Mwinyi_Kisauni

Assalam aleikum wakuu wa magari, na wengine wote hamjambo. Nna swali, naomba mnisaidie na msinicheke sana.

Mimi niko kwa kamati ya usafiri ya shule moja huku Kisauni. Watoto wetu watoka Mtopanga, Bamburi, wengine mpaka Shanzu, na mwaka huu tumefungua tawi dogo ng'ambo ya Likoni kwa hivyo gari moja itakuwa ikivuka feri kila siku ya Mungu. Tunataka basi jipya la siti 50 hivi. Sasa kuna mzee wetu kwa kamati amekaa Marekani miaka kumi na ushee, yeye amekuja na lake, yuwasema tusichukue chesisi (yaani fremu na injini yake, kabla ya bodi) ya injini mbele kama kila mtu, tutafute ya injini nyuma tuijengee bodi ya shule, ati kule yale mabasi ya manjano yaliyo bapa usoni kama boflo ndiyo ya kisasa, hayana kelele, dereva aona mtoto hata akipita chini ya bampa, na sisi twabaki na mambo ya babu zetu.

Mimi injini nyuma naijua kwa makochi ya safari ndefu tu, shuleni sijaiona. Mkutano ni Jumamosi baada ya alasiri na mimi ndiye nimeambiwa nilete majibu. Kwa nini waliipeleka injini nyuma kwa gari la watoto? Na kwa joto letu hili na chumvi ya bahari itadumu? Fundi wa bodi nikimwendea nimwambie nini asinione mshamba?

FundiBodi_Changamwe

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nimechomelea bodi za basi tangu sina ndevu, ntakwambia ninachokijua kwa mikono.

Kwanza uelewe tofauti haianzi kwa bodi, yaanza kwa chesisi. Hizi tunazojengea hapa nyingi, Isuzu, Hino, Tata, Ashok Leyland, asili yake ni lori. Yaja fremu mbili ndefu kama ngazi, injini mbele, giabox, propela ndefu (ule mtaimbo unaozunguka) mpaka difu kwenye ekseli ya nyuma, basi. Mimi napanga vyuma vya sakafu juu yake, nasimamisha nguzo, napiga bati. Fundi yeyote mzuri ashafanya mara mia. Ya injini nyuma ni kitu kingine. Scania wanazo mbili, zile za F injini mbele na za K injini nyuma, ukiziweka pamoja utaona hiyo K sehemu ya kati yote iko wazi, propela ni fupi imeelekea mbele kutoka kwa giabox kuja kwa difu, na huku nyuma ya ekseli ndio kuna mzigo wote: injini, giabox, radieta, feni, kompresa. Bodi lazima uijenge na milango mikubwa ya kuingiza mkono, uache njia za hewa, usipoziacha hata kwa sentimita chache utaona maajabu siku ya kwanza ya Machi.

Uzuri wake haufichiki. Nani hapa hajawahi kukalia injini kwa matatu? Ile siti ya juu ya boneti karibu na dereva, unashuka suruali imekauka kama samaki wa ng'onda. Basi hiyo yote huondoka. Sakafu ya mbele yawa tambarare, mlango unauweka mbele kabisa ya tairi, dereva na mtoto anayepanda wanaonana uso kwa uso, na kelele yabaki nyuma huko na wale watundu wa siti ya mwisho.

Ubaya ni bei. Chesisi ya K na ile ya lori haziko soko moja. Na bodi lazima ifuate KS 372, kiwango cha bodi za magari ya abiria cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, yule mkaguzi hatakuhurumia kwa sababu umejaribu kitu kipya.

Msomi_wa_Mabasi

Huyu mzee wenu ana haki nusu. Mimi hii historia naifuatilia kama wengine wanavyofuatilia mpira kwa hivyo mnivumilie.

Basi la shule la Marekani asili yake ni lori, sawa na letu. Kampuni ya Blue Bird kwa mfano ilianza 1927 kule Georgia, jamaa aitwaye Albert Luce alikuwa muuza magari ya Ford, akajenga bodi ya chuma juu ya chesisi ya Ford. Kampuni ya Thomas wao wametoka kwenye kujenga tramu tangu 1916. Ile rangi ya manjano yenyewe haikuwa sheria ya kuzaliwa nayo, ni mkutano wa 1939 pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ulioitishwa na Frank Cyr, ndipo wakakubaliana rangi na vipimo ili viwanda viache kila kimoja kutengeneza lake.

Sasa hii ya uso bapa ilikuzwa zaidi kule magharibi, California, na sababu ni barabara. Milima, masafa marefu, watoto wengi kwa gari moja. Ukitaka gari libebe watoto wengi bila kuwa refu kama treni, ile pua ya mbele ni nafasi ya bure unaipoteza, kwa hivyo dereva akasogezwa mpaka kwenye kioo. Lakini injini ukiiacha pale pale mbele yakaa ubavuni mwa dereva, yambana, yamchoma, na ekseli ya mbele yabeba mzigo mkubwa. Kampuni ya Crown ya Los Angeles wao wakailaza injini chini ya sakafu katikati ya gari. Gillig, kampuni nyingine ya huko California, wakaipeleka nyuma, 1959 wakatoa la dizeli la injini nyuma, na 1967 wakatoa dude la kubeba watoto 97, ekseli mbili nyuma. Hebu fikiria watoto 97 na matroni mmoja, maskini.

Cha kuangalia ni kwamba Crown na Gillig hawakuwa wakinunua chesisi ya lori, walijenga gari zima wenyewe, fremu mpaka paa. Ndio maana waliweza kuihamisha injini wapendavyo. Na ndio maana pia magari yao yalikuwa ghali ajabu, yalidumu miaka na miaka lakini shule zikaanza kuhesabu shilingi, Gillig wakaacha mabasi ya shule wakahamia ya mjini, Crown wakafunga mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wale wakubwa wa mashariki, Thomas na Blue Bird, walikuja na injini nyuma baadaye wakiwa na chesisi zao wenyewe, Blue Bird na All American yake ya injini nyuma ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980 wakati lile la injini mbele la jina hilo hilo lilikuwepo tangu miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Na hili mwambie mzee kwa adabu: hata leo mabasi mengi ya shule Marekani ni yale yenye pua, injini mbele, boneti ya kufungua. Bapa ya injini nyuma ni ya shule zenye njia ndefu ama watoto wengi sana. Kwa hivyo si kweli kwamba wenzetu wameacha ya mbele. Bei ile ile anayosema fundi hapo juu ndiyo inayowarudisha na wao kwenye chesisi ya lori.

Dere_Mstaafu

Mimi nimeendesha zote mbili. Makochi ya Nairobi miaka, kisha basi la shule mpaka nikastaafu. Wasomi wameeleza, mimi ntasema ya kwenye usukani.

Injini ikiwa nyuma huisikii. Watu wanasema ni raha, ndiyo ni raha, lakini dereva wa kwetu huendesha kwa masikio. Mimi gari la injini mbele likianza kupata joto nalijua kabla sindano haijapanda, naisikia sauti, nanusa. Ile ya nyuma iko mita kumi kutoka kwako, mshipi wa feni ukikatika wewe waendelea kuimba. Kwa hivyo lazima king'ora cha joto na taa ya oili viwe vinafanya kazi, si ile ya kwetu taa ikiwaka twaibandika plasta.

Joto lenyewe: injini ya mbele yapigwa na upepo ukienda. Ya nyuma haina upepo, radieta huwekwa ubavuni nyuma kule na feni ndiyo yavuta kila kitu, na hewa inayovuta ni ile iliyopita chini ya gari lote ikabeba vumbi la tairi. Ndio maana hewa ya injini huchukuliwa juu karibu na paa. Radieta yaziba upesi, ukipita njia za murram lazima ioshwe kila wiki, uioshe kutoka ndani kwenda nje usisukume uchafu ndani. Shule gani itafanya hivyo? Mimi nauliza tu.

Gia pia. Kamba ya gia yatoka mbele mpaka nyuma, ikichakaa unatafuta namba tatu kama waitafuta radio ya zamani. Wamarekani wao waliondoa tatizo kwa giabox ya otomatiki ya kampuni ya Allison. Na kona, umekaa mbele ya tairi, ukizoea kukata kona kwa lori utapanda kila ukingo wa barabara kutoka Kongowea mpaka Buxton. Lakini hilo dereva hujifunza wiki moja.

Lakini kubwa kuliko yote hakuna aliyeligusa na nashangaa. FERI. Injini nyuma maana yake mkia mrefu, injini imening'inia nyuma ya ekseli. Maji yakikupwa ile njia ya kushukia feri yawa mteremko wa haja, gari lashuka, tairi za nyuma zikifika kwenye maungio huku chombo kimelala sawa, mkia bado uko juu ya mteremko, nini kitatokea? Wasaga zege. Nililiona kochi moja, lilikuwa la watu wa harusi, lilisaga mpaka bomba la ekzosti likabaki Likoni na harusi ikaenda Ukunda.

FundiBodi_Changamwe

😂😂 Ekzosti ikabaki Likoni. Lakini ami Dere asema kweli na mimi nimejionea haya sikulitaja.

Hesabu yake ni rahisi, mtoto wa darasa la nane aweza. Tuseme mkia ni mita 3 kutoka katikati ya ekseli ya nyuma na sehemu ya chini kabisa iko sentimita 40 kutoka chini. Gawa 40 kwa 300 wapata 0.13, hiyo ni pembe kama ya digrii saba na nusu. Mteremko ukizidi hapo umegusa. Sasa chukua gari la injini mbele mkia mita 2, na kwa sababu hakuna injini pale naweza kuupandisha mpaka sentimita 50, wapata digrii kumi na nne. Karibu mara mbili. Na hiyo ni gari tupu, weka watoto na mabegi springi zikae chini.

Kwa chumvi, Mwinyi uliuliza. Kutu haichagui mbele wala nyuma, lakini ya nyuma yarushiwa maji na tairi zake mwenyewe na gari likivuka feri kila siku lile sanduku la injini lapata unyunyu wa bahari. Mabano ya radieta ndio hufa kwanza.

BintiLikoni

Salaam. Mimi si fundi, mimi ni matroni wa basi la shule mwaka wa sita huu, nakaa siti ya nyuma kabisa na watoto wa chekechea. Nimesoma yote na kuna jambo la kuwauliza nyinyi wanaume wa spana: mlango wa dharura utakuwa wapi?

Basi letu la sasa la injini mbele lina mlango nyuma. Kila muhula twafanya zoezi, wakubwa wawili wanashuka kwanza wanawapokea wadogo. Injini ikiwa nyuma huo mlango haupo tena si ndio? Sasa mimi na watoto wangu wa miaka minne tutoke wapi? Na moto wa gari mara nyingi huanzia wapi kama si kwa injini?

Msomi_wa_Mabasi

Bi dada umeuliza swali ambalo Wamarekani walilipa kwa damu ndipo wakalijibu vizuri.

Kanuni yao yasema basi la shule lazima liwe na mlango wa dharura nyuma, AMA kama haiwezekani kwa sababu ya injini, liwe na mlango wa dharura ubavuni upande wa kushoto kwenye nusu ya nyuma pamoja na dirisha kubwa la nyuma juu ya injini linalosukumwa likafunguka. Vyote viwili, si kimoja.

Na mwaka 1988 kule Carrollton, Kentucky, basi la zamani la shule lililobeba kundi la kanisa liligongwa mbele, tangi la mafuta likapasuka, moto ukaziba mlango wa mbele, wote wakakimbilia ule wa nyuma peke yake. Watu 27 walifariki, wengi vijana. Basi lile chesisi yake ilitengenezwa siku chache tu kabla ya kanuni mpya za Aprili 1977 kuanza kazi, zile za kulinda tangi. Baada ya hapo ndipo milango, madirisha na matundu ya paa yakaongezwa kulingana na idadi ya siti.

Halafu 2017 huko Oakland, Iowa, basi liliserereka mtaroni likirudi kinyumenyume, injini ilikuwa mbele, moto ukaanzia kwa injini ukaingia ndani, akafa dereva na mwanafunzi. Wachunguzi wakapendekeza mabasi ya shule yawekewe mtambo wa kuzima moto wenyewe ndani ya sanduku la injini. Kwa hivyo si kwamba mbele ni salama na nyuma ni hatari. Injini popote ilipo jua moto waweza kuanzia hapo, na njia ya kutokea iwe upande mwingine.

BintiLikoni

Ahsante kaka, nimeelewa. Lakini ngoja kwanza. Umesema mlango wa ubavuni ni KUSHOTO. Kule wao waendesha kulia, mlango wa kupandia uko kulia, kwa hivyo kushoto ni upande wa dereva. Sisi mlango wa kupandia uko kushoto. Fundi akikopi mchoro wa Marekani kama ulivyo, milango yote miwili itakuwa upande mmoja, basi likilalia ubavu huo tumekwisha. Wetu uwe KULIA.

Na la feri, baba yangu ni mvuvi nimekulia majini. Siku za bamvua, zile za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanapojaa na kukupwa sana, maji hukupwa saa nne saa tano asubuhi, mpaka karibu na adhuhuri. Asubuhi saa kumi na mbili basi likivuka maji bado yako juu, utaona hakuna shida, mtasifu. Chekechea wanarudi nyumbani saa sita. Hapo ndipo mtalijua jiji.

FundiBodi_Changamwe

Dada huyu njoo nikuandike kazi. Wallahi hilo la kulia na kushoto mimi ningelikopi hivyo hivyo.

Dere_Mstaafu

Si aweza kupita ile barabara ya Dongo Kundu isiyo na feri siku za bamvua?

BintiLikoni

Aweza ami, lakini kutoka Kisauni uzunguke mpaka Dongo Kundu na mtoto wa miaka minne ana njaa na mkojo, wewe ndiye utamshika?

Mwinyi_Kisauni

Nimerudi na mrejesho, samahani nilichelewa, mkutano ulisogezwa mbele wiki moja nkapata nafasi ya kufanya jambo.

Jumapili ilikuwa bamvua. Nkamchukua yule mzee wetu wa Marekani tukaenda Likoni na pikapu ya shemeji yangu. Tulifunga mbao nyuma, ncha yake mita 3 kutoka kwa ekseli, ikining'inia sentimita 40 kutoka chini kama hesabu ya fundi, tukaifunga kitambaa chekundu watu wasije wakajigonga. Saa tano kasoro tukashuka. Sikuhitaji kuuliza mtu, ile sauti ya mbao kwenye zege mzee aliisikia kabla yangu, akatoa kichwa dirishani akatazama. Watu wa miguu wakacheka sana, mmoja akauliza kama twapima kaburi.

Mzee hakusema kitu mpaka tulipofika ng'ambo. Kisha akasema hata kule kwao alikokaa hakukuwa na feri.

Kwa hivyo kamati imekubali chesisi ya injini mbele, mkia tumeandika kwenye karatasi ya fundi usizidi mita 2. Mlango wa dharura nyuma, na wa pili ubavuni KULIA, bi dada umeshinda hilo bila kura. Mzee naye hakutoka mikono mitupu, ametaka boneti ya ndani ifunikwe kwa tabaka mbili za kuzuia joto na kelele na vioo vya kuona mbele ya bampa viwekwe pembe zote mbili, na tumempa. Ule mtambo wa kuzima moto kwa injini twaulizia bei, kama kuna mtu ashauweka kwa Isuzu hapa Mombasa aniandikie.

Dere_Mstaafu

Na feni ya dereva. Hamjaandika feni ya dereva.